Klipu ya Mwanafunzi Chini ya Ruwenzori: Nani Anatazamwa, Nani Analipa

Klipu ya muziki ndiyo kazi ya picha iliyo rahisi kuliko zote kwa mwanafunzi wa Butembo au Beni, na sababu yake ni kelele. Anayetaka kurekodi tamthilia kando ya barabara kuu ya Butembo atashindana na honi za motari, jenereta za maduka na spika za wauza simu, na mara nyingi atashindwa. Mtengenezaji wa klipu hana shida hiyo. Sauti atakayoisikia mtazamaji imetoka studio. Ile iliyonaswa na kamera barabarani hutumika tu kulinganisha midomo na wimbo wakati wa montaji, kisha hutupwa. Simu yenye kamera nzuri, spika ndogo ya kupigia wimbo na kompyuta moja vinatosha kuanza.

Lakini urahisi huo unazaa uvivu. Kwa kuwa kila mtu anaweza kutengeneza klipu, wengi hutengeneza ileile: gari la kuazima, miwani ya jua, wasichana wanne wakicheza nyuma ya mwimbaji, noti zikipepea. Ukiondoa sauti huwezi kujua wimbo unahusu nini, umeimbwa wapi, wala kwa nini mtu wa mtaa wa Mususa au Bungulu autazame badala ya klipu ya Kinshasa, Dar es Salaam au Kampala iliyotumia fedha mara elfu.

Mahali pa kujifunzia papo. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko. Beni ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, UCBC, kilichofunguliwa 2007, ambako mawasiliano ni mojawapo ya masomo. Huko Goma, kituo cha Yole!Africa cha mwongozaji filamu Petna Ndaliko Katondolo kimelea vijana wengi wa kamera, dansi na muziki, na tamasha lake la filamu lilianza 2005. Ila tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Beni kugeuzwa makao ya muda ya serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini, kijana wa Butembo hawezi tena kupanga safari ya kusini kutafuta warsha kama zamani. Atafanya kazi na alichonacho, na katika alivyonavyo hakuna kisicho na gharama kama nadharia.

Maswali sita ya Goodwin

Televisheni ya MTV ilianza kurusha matangazo huko Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Katika miaka iliyofuata wasomi waliichambua klipu kana kwamba ni filamu fupi isiyo na sauti. Mwingereza Andrew Goodwin aliwapinga. Katika kitabu chake *Dancing in the Distraction Factory* cha 1992 alisisitiza kwamba klipu huanza na muziki, na picha hufuata. Mawazo yake yamefupishwa na walimu kuwa mambo sita, ambayo leo wanafunzi wa sekondari wa Uingereza huyasoma kabla ya kugusa kamera.

La kwanza: kila aina ya muziki ina desturi zake za picha. La pili: picha zina uhusiano na maneno ya wimbo, huyaonyesha, huyakuza au huyapinga. La tatu: picha zina uhusiano na muziki wenyewe, yaani mapigo, kasi na ala. La nne: kampuni ya rekodi hudai sura ya msanii ionekane kwa karibu tena na tena, kwa sababu sura ndiyo inayouzwa. La tano: klipu hucheza na tendo la kutazama, kwa vioo, skrini na hasa miili ya wanawake. La sita: klipu hurejelea filamu, picha na klipu nyingine.

Darasani mambo haya hugeuzwa haraka kuwa orodha ya kuwekea alama ya vema: sura ya karibu ipo, dansi ipo, kioo kipo, kazi imekwisha. Goodwin hakuandika sheria. Alieleza alichokiona katika biashara ya kampuni kubwa za rekodi. Mwanafunzi wa Beni atafaidika zaidi akiyasoma kama maswali, na kwa kila swali akauliza jibu lake litamgharimu nani hapa kwetu.

Maneno ya wimbo na picha zake

Swali la pili ndilo lenye utajiri mkubwa, kwa hiyo tulitazame kwa mfano wa kubuni. Tuseme kundi la wanafunzi limepata wimbo wa mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda kuvuna kakao upande wa Mbau, kaskazini mwa mji wa Beni. Wimbo hausemi kilichompata. Kila msikilizaji wa eneo hili anajua, kwa kuwa mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamekuwa yakiendelea huko tangu Oktoba 2014.

Njia ya kwanza ni kuonyesha yanayosemwa: mama, shamba, watu wenye mapanga, mwili chini ya mgomba. Ndiyo njia inayokuja kichwani upesi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Haimwambii mtazamaji lolote asilolijua, na huenda aliyeketi mbele ya skrini amezika ndugu yake mwezi uliopita.

Njia ya pili ni kukuza. Picha huongeza kitu ambacho maneno hayakukitaja. Mama anaanika kakao kwenye turubai, anaigeuza kwa mkono, anaianua mvua inapokaribia. Kazi ya watu wawili inafanywa na mmoja. Sahani inapakuliwa fufu na sombe, inafunikwa, inafunuliwa asubuhi. Hakuna damu hata tone, na mtazamaji ameelewa kwamba siku zinapita.

Njia ya tatu ni kupingana, na hapa mwanafunzi asiye na fedha anaweza kusimama na wakubwa. Mei 2018 Mmarekani Childish Gambino alitoa *This Is America*, klipu iliyoongozwa na Hiro Murai. Mbele ya kamera watu wanacheza na kutabasamu, nyuma yao pana ghasia na mauaji. Macho yanavutwa na dansi, na aibu ya kutazama dansi ndiyo maana yenyewe. Karibu zaidi na sisi yupo Stromae, Mbelgiji ambaye baba yake Mnyarwanda aliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wimbo wake *Papaoutai* wa 2013 una mdundo wa kuchezeka, ilhali klipu, iliyoongozwa na Raf Reyntjens, inamwonyesha mtoto akijaribu kumwamsha baba aliyekauka kama sanamu ya dukani. Mwili wa mtazamaji unataka kucheza, moyo wake unakataa.

Wimbo wetu wa kakao ungeweza kupigwa kwa mdundo wa harusi. Klipu ikaonyesha sherehe yenyewe: vitenge vya sare, kasiksi ikimiminwa, watu wakicheza kwa mstari, na kiti kimoja kinachohamishwa kutoka meza hadi meza bila mtu kukikalia. Gharama yake ni viti vya plastiki na majirani waliokubali kuvaa nguo za Jumapili.

Seben na mkasi

Desturi ya picha ya muziki wa Kongo inaanzia ndani ya wimbo. Rumba, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika Desemba 2021, huanza polepole kwa kuimba, kisha hufunguka kwenye seben: gitaa zinajirudia, ngoma inaongezeka, na atalaku anaanza kuwapigia wachezaji kelele. Atalaku aliingia katika bendi za Kinshasa miaka ya 1980 kupitia Zaïko Langa Langa, na tangu hapo klipu nyingi za Kongo zimegawanyika vivyo hivyo. Nusu ya kwanza ni mapenzi, sebule na suti. Nusu ya pili ni mstari wa wachezaji.

Mwanafunzi anayejua hili ana ramani mkononi. Akihariri wimbo wote kwa kasi moja, seben itakapofika hatakuwa na pa kwenda. Akiweka mikato michache mwanzoni, picha moja ikikaa hata sekunde 10, seben itapasuka kama inavyopaswa. Mmarekani Carol Vernallis, katika *Experiencing Music Video* ya 2004, anaonya pia dhidi ya kukata kila pigo. Picha inaweza kufuata sauti ya gitaa, pumzi ya mwimbaji au neno moja lililorudiwa, na ngoma ikaachwa ijitembeze peke yake. Anaongeza kwamba klipu nyingi hazimalizi hadithi zinazoanzisha, na kwamba hilo si kasoro, kwa kuwa wimbo nao hujirudia badala ya kusonga mbele kama riwaya.

Hesabu ifanywe kabla ya kamera kuwashwa. Wimbo wa dakika tatu na nusu wenye mapigo 96 kwa dakika una mapigo 336, yaani vifungu 84 vya mapigo manne, kila kifungu sekunde mbili na nusu. Kundi likichora jedwali la vifungu 84 na kuandika mbele ya kila kimoja kinachoonekana, litagundua mezani kwamba lina mawazo ya kujaza vifungu 30 tu. Ni afadhali kugundua hilo mezani kuliko kuligundua wakati wa montaji. Tuseme pia wamepanga sehemu nane za kupigia picha, na kila sehemu wimbo unapigwa wote mara tatu. Hizo ni dakika 84 za video, na simu inayokula takriban megabaiti 130 kwa dakika itahitaji gigabaiti 11 zilizo tupu. Umeme nao upangiwe. Betri ya akiba ijazwe usiku, maana siku ya kazi haitasubiri jenereta ya jirani.

Kuna hila moja ambayo wanafunzi huipenda wakiifahamu. Ili mwimbaji aonekane akitembea taratibu kama ndotoni huku midomo ikifuata wimbo sawasawa, wimbo hupigwa kwa kasi mara mbili na yeye huimba kwa kasi hiyo, kamera ikirekodi fremu 50 kwa sekunde. Video ikichezwa kwa fremu 25, midomo inarudi kwenye wimbo na mwili unaelea. Hapahitajiki kifaa kingine, ila mazoezi, na mwimbaji asiyeona haya kuimba kama kasuku mbele ya soko.

Na jua. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, hivyo saa sita mchana mwanga hushuka wima na kuyafunika macho ya mtu kwa kivuli cha paji lake. Uso mweusi hupotea. Mwanga laini upo kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena jioni kuanzia saa kumi. Jioni ni fupi, na ndiyo saa ambayo watu wa Beni wanataka kuwa wamesharudi nyumbani. Kundi lenye busara huamka mapema.

Sura, bosi na mabanga

Goodwin alimweka mwenye kampuni ya rekodi nyuma ya kila picha ya karibu. Butembo haina kampuni kubwa ya rekodi. Ina wafanyabiashara. Mji huu umejengwa kwa biashara ya vitambaa, pikipiki, kahawa na bidhaa zinazopitia mpaka wa Kasindi, na msanii anayehitaji fedha ataupiga mlango wa mwenye duka. Muziki wa Kongo umezoea jambo hili. Mabanga, yaani kutaja jina la tajiri ndani ya wimbo kwa malipo au kwa matumaini ya malipo, ni desturi ya Kinshasa kwa miongo kadhaa. Katika klipu, jina hugeuka kuwa picha: bango la duka, lori lenye chapa, bosi mwenyewe akipita na kupunga mkono.

Mwanafunzi anaweza kuikataa fedha hiyo. Anaweza pia kuipokea kwa macho wazi. Duka la vitenge likilipa nauli na chakula cha kundi, vitenge vyake vinaweza kuwa mavazi ya wachezaji wote, na rangi moja ikaunganisha klipu nzima. Tangazo limegeuka kuwa sehemu ya ubunifu. Lisilokubalika ni bosi kupewa sekunde 20 katikati ya wimbo wa mama anayemlilia mwanawe. Makubaliano yaandikwe mapema, na yaseme wazi nani ana neno la mwisho kwenye montaji.

Sura ya msanii nayo iangaliwe upya. Kwa nyota, picha ya karibu hujenga jina. Innoss'B, kijana wa Goma, alijulikana nje ya Kongo kwa *Yope*, ambayo toleo lake la 2019 pamoja na Diamond Platnumz limetazamwa mtandaoni zaidi ya mara milioni 100, na uso wake ni sehemu ya mtaji wake. Kwa kijana anayeimba juu ya waliouawa, waliopotea au wanaotawala vibaya, uso uleule unaweza kumletea hatari. Mwanafunzi amuulize mwimbaji wake kabla ya kumsogezea kamera. Mikono, visigino, kivuli ukutani, mgongo wa mtu anayesukuma chukudu, kigari cha mbao, mlimani vinaweza kubeba klipu. Kilichozuiwa na usalama kinaweza kuwa mtindo wenyewe wa kazi.

Jicho la kamera

Mwaka 1975 Mwingereza Laura Mulvey aliandika kwamba sinema ya Hollywood humpanga mtazamaji aangalie kwa jicho la mwanamume, mwanamke akiwa kitu cha kutazamwa. Klipu zimelichukua jicho hilo bila kulipunguza. Ndiyo maana kiuno kinakatwa kutoka kwenye mwili na kujaza skrini huku mwenye kiuno hana jina wala neno hata moja la kuimba. Kundi la wanafunzi likitaka kulipima hili, lihesabu kwenye jedwali lake ni vifungu vingapi mwanamke anafanya jambo, na vingapi anatazamwa tu.

Eneo hili lina jicho jingine ambalo Mulvey hakulizungumzia. Watu wa Beni wamepigwa picha sana: na wanahabari, na mashirika ya misaada, na wageni waliokuja wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 ukiwa umeua watu 2,287. Wamezoea kuonekana wakilia, wakipanga foleni, wakinawa mikono. Mwanafunzi mzaliwa wa hapa akipiga picha wakimbizi wa ndani kwa pembe ileile, kutoka juu, na mtoto akikodoa macho kwenye lenzi, amerudia picha ambayo wengine walishaiuza. Akiishusha kamera hadi usawa wa macho na kumwachia mtu aamue atafanya nini mbele yake, anapata kitu ambacho mgeni wa siku tatu hawezi kukipata.

Kukopa

Kurejelea kazi nyingine ni halali, na mara nyingine ni heshima. Wiki chache baada ya *This Is America*, Mnigeria Falz alitoa *This Is Nigeria*, akachukua umbo la klipu ile na kulijaza matatizo ya kwao. Mkopo wa namna hiyo unaonekana wazi, na mtazamaji anafurahia kuutambua. Kunakili miwani na magari ya Kinshasa bila kuyaongezea neno ni jambo jingine.

Si lazima kukopa kutoka mbali. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita pembezoni mwa msitu wa Ituri akirekodi muziki wa Wanande, Wambuti na Wabira, na rekodi hizo zilitolewa upya baadaye kwa wasikilizaji wa leo. Mwanafunzi anayezisikiliza atapata mirindimo ya kujengea mdundo mpya, na atajua babu zake walicheza kwa mpangilio gani kabla ya kuiga mstari wa wachezaji wa seben.

Mkato wa sekunde 15

Nadharia za klipu ziliandikwa wakati klipu ikitazamwa nzima, kwenye televisheni, jina la msanii likiwa pembeni. Leo klipu hukatwa vipande na kusafiri kwa WhatsApp bila jina. Mkoani kwetu hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa picha za kutisha huzunguka kila baada ya shambulio, nyingine zikiwa za nchi nyingine kabisa. Tukio la mauaji lililoigizwa vizuri na wanafunzi, likikatwa sekunde 15 na kutumwa na mtu asiyejulikana, ni habari ya uongo iliyo tayari. Linaweza kuufanya mtaa mzima ukimbie, au ukoo mmoja ushutumiwe. Kwa hiyo kila picha ipimwe peke yake: ikitengwa na wimbo, itadanganya? Ikiwa ndiyo, iondolewe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Sare za kijeshi na silaha za mbao ziachwe nyumbani kwa sababu hiyo, na kwa nyingine. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura inayoendeshwa na wanajeshi na polisi, na mtu mwenye sare bandia barabarani hatapewa muda wa kueleza kwamba ni mwigizaji. Kibali cha ofisi ya meya na taarifa kwa polisi ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo betri. Droni ni ya kusahau. Ipo pia Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Nyimbo na Maonyesho, inayotaka kuupitia wimbo kabla haujarushwa hewani. Novemba 2021 ilipiga marufuku *Nini Tosali Te* ya kundi la MPR, wimbo wa malalamiko kuhusu hali ya nchi, kisha ikaondoa marufuku hiyo baada ya wananchi kupaza sauti. Chuo kinachotoa zoezi la klipu kinapaswa kuwaeleza wanafunzi haya yote siku ya kwanza, na kusimama nao yakitokea.

Kupima kazi

Mwalimu atakayesahihisha anaweza kuanza na majaribio mawili. Kwanza, aitazame klipu bila sauti. Ikiwa hawezi kukisia wimbo unahusu nini wala umetoka wapi, picha hazijafanya kazi. Pili, ausikilize wimbo macho yakiwa yamefumbwa, kisha aitazame klipu. Ikiwa hakuna alichokipata zaidi ya alichokisikia, picha zimerudia maneno tu. Baada ya hapo aombe jedwali la vifungu na awaulize wanafunzi kwa nini picha hii iko hapa, nani aliikubali, nani aliilipia.

Jaribio la tatu haliko katika vitabu vya Goodwin wala Vernallis. Klipu ionyeshwe kwanza kwa watu walioonekana ndani yake, uani, kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya meza, kabla haijapandishwa mtandaoni. Wakisema picha fulani itolewe, itolewe, na mwanafunzi aandike katika ripoti yake kwa nini ilitolewa na klipu imebadilikaje. Ukurasa huo wa ripoti unastahili alama nyingi kuliko picha yoyote ya droni.